Usiseme umelizoea joto

Ilikuwa asubuhi ya mwezi Machi, miaka mingi iliyopita, wakati ningali daktari mchanga hapa Mombasa. Kijana mmoja aliingia mbio katika zahanati niliyokuwa nikifanyia kazi, amembeba mama yake mgongoni. Mama huyo alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu. Hakumtambua mtu, alikuwa akisema maneno yasiyoshikana, na ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto mno.

"Daktari, mama ana malaria," kijana aliniambia. "Imempanda kichwani."

Nilimpima. Kipimajoto kilisoma nyuzi 41. Mimi nami nilifikiri kama kijana yule. Hapa kwetu Pwani, mtu akiwa na homa kali na kupayapaya, daktari hufikiria malaria kwanza, na si kosa kufikiria hivyo. Nilitoa damu ipelekwe maabara, nikaagiza mama atundikiwe maji yenye kwinini, nikaenda kuwaona wagonjwa wengine. Majibu yalirudi baada ya saa nzima. Damu haikuwa na vijidudu vya malaria.

Ndipo nilipomuuliza kijana mama yake alilala wapi usiku. Alilala katika chumba kimoja cha mabati chenye dirisha moja, nalo hufungwa kila usiku kwa kuogopa wezi. Kwa siku tatu mfululizo hapakuwa na upepo. Jiko la makaa lilikuwa humo humo ndani. Mama alikuwa akimeza vidonge vya presha, vile vinavyomfanya mtu akojoe sana, na kwa kuwa choo kilikuwa mbali, ng'ambo ya ua, alikuwa hanywi maji jioni ili asiamke usiku.

Tulianza kummwagia maji na kumpepea, lakini tulikuwa tumechelewa. Alifariki alasiri hiyo hiyo. Katika karatasi ya kifo niliandika maradhi ya moyo na presha. Sikuandika joto. Leo ningeliandika.

Ninakisimulia kisa hiki kwa sababu ya jambo alilosema kijana yule nilipomweleza kilichomuua mama yake. Alinitazama kama mtu aliyetaniwa msibani, akasema, "Lakini daktari, sisi ni watu wa hapa. Joto tumelizoea."

Ndugu msomaji, neno hilo ninalisikia kila mwaka kaskazi inapokolea. Ninalisikia kwa wagonjwa, kwa wauguzi, na hata kwa madaktari wenzangu. Nimekuja kuamini kwamba linaua watu wengi kuliko tunavyodhani.

MTUNGI NA MWILI

Mwili wa binadamu hutaka kukaa karibu na nyuzi 37, awe mtu yuko Limuru au Lamu. Lakini mwili wenyewe ni kama jiko lisilozimwa. Chakula tunachokula na misuli tunayoitumia hutoa joto usiku na mchana, na joto hilo lazima litoke nje.

Njia ziko mbili kubwa. Ya kwanza, moyo husukuma damu nyingi kuelekea kwenye ngozi ili ikapoe huko. Njia hii hufanya kazi ikiwa hewa ya nje ni baridi kuliko ngozi. Ya pili ni jasho, na hapa watu wengi hukosea. Jasho lenyewe halipozi mwili. Kinachopoza ni kukauka kwake.

Utazame mtungi wa udongo. Maji yake huwa baridi kwa sababu mtungi hutoa unyevu kidogo kidogo, na unyevu huo ukikauka huondoka na joto. Ufunike mtungi huo kwa karatasi ya nailoni na maji hayatapoa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mtu wa Mombasa mwezi Februari na Machi. Hewa imejaa unyevu wa bahari, jasho linatiririka hadi kwenye visigino lakini halikauki. Maji na chumvi vinapotea bure na mwili haupoi. Ndiyo maana nyuzi 33 za Mombasa zinaweza kumlemea mtu kuliko nyuzi 36 za Lodwar, ambako hewa ni kavu.

Wataalamu hupima jambo hili kwa kipimajoto kilichofungwa kitambaa chenye maji. Kipimajoto hicho kikifika nyuzi 35, hata kijana mwenye afya aliyekaa kivulini bila nguo hawezi tena kuupoza mwili wake, na akikaa hivyo kwa saa kadhaa atakufa. Majaribio yaliyofanywa Marekani kwa vijana wenye afya yameonyesha kwamba mwili huanza kushindwa mapema zaidi, karibu na nyuzi 31 za kipimajoto hicho hewa ikiwa na unyevu mwingi. Kwa mzee au mgonjwa, mpaka huo uko chini zaidi.

KUZOEA KUNA MPAKA

Sisemi kwamba kuzoea ni uongo. Mtu akitoka Nyahururu kuja kufanya kazi bandarini, mwili wake hujifunza katika muda wa wiki moja au mbili. Huanza kutoa jasho mapema, hupunguza chumvi inayopotea, na moyo hauendi mbio kama siku ya kwanza. Lakini mazoea hayo hupotea baada ya wiki chache akirudi kwenye baridi. Tena hayawezi kurudisha figo zilizochoka wala kuupa moyo wa mzee nguvu za ujana. Yana kikomo, na joto likivuka kikomo hicho halimwulizi mtu alizaliwa wapi.

Ushahidi tunao. Mji wa Ahmedabad, magharibi mwa India, ni mji wa joto tangu kuasisiwa kwake. Wakazi wake wanalijua jua kuliko sisi. Lakini mwezi Mei mwaka 2010 joto lilipanda hadi nyuzi 46.8, na watafiti waliohesabu vifo vya mwezi huo walikuta vimezidi vya kawaida kwa 1,344. 

Mwezi Juni 2015 ikawa zamu ya Karachi, mji wa bandari kama Mombasa, wenye joto na unyevu. Watu zaidi ya 1,000 walikufa katika siku chache. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, umeme ulikuwa ukikatika, na maji yalikuwa haba. Mwezi Aprili 2024, nchini Mali, mji wa Kayes ulifika nyuzi 48.5. Huko Bamako, hospitali ya Gabriel Touré ilihesabu vifo 102 katika siku nne za kwanza za mwezi huo, na zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa wamepita miaka 60.

Hao wote walikuwa wamelizoea joto.

USIKU NDIO HATARI

Watu hudhani adui ni jua la saa nane mchana. Jua hilo ni hatari, hasa kwa mfanyakazi. Lakini kwa mzee na mgonjwa, hatari kubwa iko usiku, ndani ya nyumba.

Mchana kutwa moyo umekuwa ukisukuma damu kwenye ngozi. Usiku unatarajia kupumzika. Usiku ukiwa baridi, mwili hujijenga upya na mtu huamka salama. Usiku usipopoa, moyo huendelea na kazi ile ile, na siku ya pili huanza ukiwa umechoka. Siku ya tatu au ya nne ndipo mtu huanguka. Kuta za saruji na barabara za lami huhifadhi joto la mchana na kulirudisha usiku. Chumba kikiwa kidogo, kimelaliwa na watu watano, dirisha limefungwa na jiko limetoka kuzimwa, hapo hapalaliki.

Wakazi wa Nairobi nao wasijione wamepona kwa kuwa mji wao uko juu. Watafiti walioweka vipimajoto Kibera, Mathare na Mukuru walikuta kwamba joto la mitaa hiyo hulipita lile la kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti kwa nyuzi kadhaa. Kituo kimezungukwa na miti na majani. Mitaa hiyo imejaa mabati na ina miti michache. Kwa hiyo mnapoambiwa redioni joto ni kiasi fulani, jueni kwamba chumbani mwenu huenda likawa zaidi.

Julai 1995 joto kali liliupiga mji wa Chicago, Marekani, na vifo vilivyozidi vya kawaida vilipita 700. Wengi walikuwa wazee waliokuwa wakiishi peke yao, na baadhi yao walikutwa ndani ya vyumba vilivyofungwa madirisha kwa kuogopa wahalifu. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka yule mama wa Machi. Chicago na Mombasa ziko mbali, lakini dirisha lililofungwa ni lile lile.

NANI AANGALIWE ZAIDI

Wa kwanza ni mzee. Kadiri umri unavyosonga, kiu hupungua na jasho hupungua. Mzee anaweza kukaukiwa na maji na asihisi kiu hata kidogo. Usimwulize kama ana kiu; mpe maji.

Wa pili ni mtoto mchanga, ambaye hawezi kusema wala kujifunua blanketi. Katika hospitali moja ya Ahmedabad, wodi ya wazazi ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa. Ilipohamishwa ghorofa za chini, watoto wachanga waliougua kwa sababu ya joto walipungua. Hapakununuliwa mtambo wala dawa mpya. Akina mama wetu wawe waangalifu na desturi ya kumvika mtoto kofia ya sufu na shali mbili mwezi wa Februari. Mama mjamzito naye yuko hatarini, kwani joto kali huongeza uwezekano wa kuzaa kabla ya wakati au kuzaa mtoto mfu.

Wa tatu ni mgonjwa wa moyo, presha, kisukari au figo. Dawa nyingine huongeza hatari. Vidonge vya kukojoa hupunguza maji mwilini. Baadhi ya dawa za moyo huuzuia moyo usiongeze mwendo. Baadhi ya dawa za maradhi ya akili hupunguza jasho. Tafadhali usiache dawa kwa kusoma makala haya. Nenda kwa daktari wako kabla ya kaskazi kukolea, umwulize kama kipimo kibadilishwe na unywe maji kiasi gani.

Wa nne ni mtu wa kazi ya sulubu: kuli wa bandarini, msukuma mkokoteni, fundi wa ujenzi, mwendesha bodaboda, mama anayekaanga viazi kando ya barabara. Huyu anaweza kupoteza lita moja ya jasho au zaidi kwa saa. Nchini Nicaragua na El Salvador, maelfu ya wakata miwa, wengi wao vijana, wameugua figo bila kuwa na kisukari wala presha. Wataalamu wanaona kwamba kufanya kazi nzito juani na kukaukiwa maji siku baada ya siku ni sehemu kubwa ya chanzo chake.

DALILI NA HUDUMA YA KWANZA

Joto huanza na mambo madogo. Kuna harara, vipele vya kuwasha shingoni na mgongoni. Kuna misuli ya miguu na tumbo kukakamaa kwa uchungu. Kisha huja uchovu wa joto: jasho jingi, kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma, mkojo mchache na mweusi kama chai ya rangi. Mtu huyu apelekwe kivulini, alazwe, anyweshwe maji taratibu. Akikosa nafuu kwa nusu saa hivi, apelekwe hospitali.

Kinachoua ni kiharusi cha joto. Mwili hupita nyuzi 40 na ubongo huanza kushindwa. Mtu hupayapaya, huyumba kama mlevi, hugombana bila sababu, hushikwa na kifafa au huzimia. Ngozi huweza kuwa kavu, lakini kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi nzito huweza kuwa imelowa jasho. Kwa hiyo jasho lisikudanganye. Ukiona joto kali pamoja na akili kuvurugika, jua kuna hatari ya kufa.

Hapo sheria ni moja: mpoze kwanza, na usingoje gari ndipo uanze. Mtoe juani. Mvue nguo za juu. Mmwagie maji ya mfereji mwili mzima na mpepee kwa nguvu, kwa leso, kwa sinia, kwa chochote. Likiwapo pipa au beseni kubwa, mtumbukize huku mmemshika kichwa. Ikiwapo barafu, ifungeni kwenye kitambaa na kumweka shingoni, kwapani na kwenye kinena. Endeleeni kumpoza njiani kwenda hospitali. Nusu saa ya kwanza ndiyo inayoamua kama atapona, atabaki na kilema au atakufa.

Kama hana fahamu, msimtilie maji mdomoni, mlazeni ubavu. Msimpe Panadol mkidhani itashusha joto. Dawa hiyo hushusha homa inayotokana na ugonjwa, haina kazi kwa mwili ulioshindwa kupoa, na inaweza kuliumiza ini.

Na malaria je? Sitaki mtu aache kumpeleka mgonjwa wa homa hospitali kwa kusema ni joto tu. Damu ipimwe. Lakini maji yamwagwe wakati majibu yakisubiriwa. Hilo ndilo somo nililojifunza kwa gharama ya maisha ya mtu.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kunywa maji kabla ya kiu. Mkojo wako uwe wa rangi ya manjano hafifu, ukikolea, umechelewa. Dafu ni zuri, na uji mwepesi pia. Kwa aliyetoka jasho jingi, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Pombe na mnazi havihesabiwi, hukausha mwili. Anayefunga, kama ilivyokuwa Machi 2025 Ramadhani ilipoangukia mwishoni mwa kaskazi, anywe maji ya kutosha kati ya futari na daku, na mgonjwa apate ushauri wa daktari na wa sheikh kabla ya kunuia.

Panka ni nzuri, lakini hewa ikipita nyuzi 40 hukupulizia joto badala ya kulitoa. Kilicho bora ni kulowesha ngozi au kuvaa leso iliyoloweshwa, kisha kukaa mbele ya panka. Jiko lipikiwe nje. Mbali na joto, moshi wa makaa katika chumba kilichofungwa huua. Dirisha litiwe nondo na wavu wa mbu ili liweze kulazwa wazi.

Wazee wetu waliojenga Mji wa Kale waliyajua haya bila kwenda chuo kikuu. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu na baraza za kivuli, na huko mashamba waliezeka makuti. Sisi tumeezeka mabati kwa kuwa makuti ni taabu na ni hatari ya moto. Basi angalau tuyapake mabati chokaa au rangi nyeupe. Jua hurudishwa juu na chumba hupoa kwa nyuzi kadhaa. Ahmedabad wamefanya hivyo kwenye nyumba za maskini.

Mji huo haukuishia kwenye rangi. Mwaka 2013 ulianzisha mpango wa kukabili joto: tahadhari hutolewa mapema kwa wananchi, wauguzi hufundishwa dalili, na maji huwekwa mahali pa watu wengi. Watafiti walikadiria kwamba katika miaka iliyofuata vifo kama 1,190 kwa mwaka viliepukwa. Sioni sababu ya kaunti zetu kushindwa kufanya kama wao. Waajiri nao waanzishe kazi alfajiri na kupumzisha watu saa za jua kali, kwani saa mbili za kivuli ni rahisi kuliko mazishi.

Lakini kuna jambo ambalo halihitaji kaunti wala fedha. Siku ambazo upepo umekata na usiku haulaliki, mpigie hodi mzee anayeishi peke yake. Mwende saa nane mchana na tena kabla ya kulala. Mfungulie dirisha, mpe bilauri ya maji mbele ya macho yako, mwekee ndoo ya kukojolea karibu na kitanda ili asiogope kunywa. Akikuambia, "Mjukuu wangu, mimi joto nimelizoea," mpe heshima yake, na umpe maji vile vile.



Mwandishi ni daktari wa magonjwa ya kawaida mjini Mombasa.